Bando la mwezi kuisha siku ya tisa: uchambuzi wa kisa cha kituo cha intaneti cha kata

Jina la kata, wilaya, mfadhili na wahusika wote yameondolewa, na mambo machache yanayoweza kukitambulisha kituo yamebadilishwa. Mahesabu ya data yaliyomo humu ni ya kawaida. Yeyote anaweza kuyarudia kwa kikokotoo cha simu.

Usuli

Kituo kiko kwenye kata ya vijijini, nyanda za juu kusini mwa Tanzania, jirani na shule ya sekondari ya kata. Kilifunguliwa kikiwa na kompyuta 12 za mezani zilizokwishatumika kwingine, printa moja yenye skana, ruta ya 4G yenye kifurushi cha GB 200 kwa mwezi, na ruta ya pili aina ya MikroTik ambayo fundi aliifunga na kuondoka bila kugusa mipangilio yake ya kiwandani. Umeme upo, ila hukatika. Mhudumu ni kijana aliyemaliza kidato cha sita, analipwa posho na mfadhili. Juu yake kuna kamati: mtendaji wa kata, mwalimu wa sekondari, mkulima, mama wa kikundi cha vikoba na mwakilishi wa vijana. Kituo hufunguliwa saa nane mchana hadi saa kumi na mbili jioni, Jumatatu hadi Jumamosi.

Andiko la mradi liliahidi kwamba wanafunzi watajisomea, vijana wataomba kazi na mikopo ya elimu ya juu, wakulima watafuatilia bei na hali ya hewa. Hakuna ukurasa uliosema ni nani angefanya nini siku ya Jumatatu saa nane na robo, mlango ukishafunguliwa na vijana 15 wamekwishaingia. Pengo hilo ndilo linaloeleza karibu kila kitu kilichofuata.

Mwezi wa kwanza na wa pili

Bando la mwezi wa kwanza liliisha siku ya tisa. Mfadhili akaongeza jingine, nalo likaisha kabla ya siku kumi na mbili. Kwa siku zilizobaki kituo kilikuwa chumba chenye kompyuta zisizo na mtandao, na waliokuja kuomba kazi walirudi kwenye steshenari ya sokoni kama zamani.

Hesabu yake haina siri. Mtiririko wa megabiti 1 kwa sekunde ukienda saa nzima hula MB 450. Video ya 720p (ubora wa kati) huchukua kama megabiti 2.5 kwa sekunde, yaani zaidi kidogo ya GB 1.1 kwa saa. Kompyuta 12 zikicheza video hiyo kwa pamoja ni GB 13.5 kwa saa, na kwa saa nne za kazi ni GB 54. Kwa mwendo huo GB 200 haziimalizi siku ya nne. Ziliposogea hadi ya tisa ni kwa sababu si kila kompyuta ilikuwa na video kila dakika.

Kwenye skrini kulikuwa na Bongo Fleva, singeli, vipande vya mpira, vichekesho na tamthilia zilizotafsiriwa. Wachache walikuwa wanasuka mikeka kwenye tovuti za kubeti, wakiwemo wanafunzi walio chini ya miaka 18 ambao sheria hairuhusu wabeti kabisa. Mwalimu mmoja naye alikuwa akipakua mechi nzima na kuiweka kwenye flashi. Jambo hili la mwisho lisisahaulike, maana lawama zote ziliangukia vijana.

Uamuzi wa kwanza: kufunga

Kamati iliamua kuzuia tovuti za video, mitandao ya kijamii na kubeti. Sababu yake ilikuwa nyepesi kueleweka: bando linaisha, wanaolimaliza wanaonekana kwa macho, basi wazuiwe. Mhudumu aliingia kwenye MikroTik na kuweka majina ya tovuti hizo kwenye DNS ya ruta (sehemu inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani yake) ili yaelekezwe pasipo na kitu.

Njia hii ina mipaka ambayo kamati haikuambiwa. Kwanza, ruta huzuia jina tu. Kwa kuwa mawasiliano mengi siku hizi yamefumbwa kwa HTTPS (njia inayoficha yaliyomo kati ya kifaa na tovuti), haiwezi kutofautisha video ya somo la kemia na video ya densi zikitoka kwenye tovuti moja. Ukifunga, umefunga vyote viwili. Pili, simu nyingi za Android zina mpangilio wa DNS binafsi. Mtumiaji akiuwasha, maswali yake ya majina hayapiti tena kwenye DNS ya ruta, na orodha yote ya mhudumu inakuwa mapambo. Tatu, kuna VPN za bure (programu zinazopitisha mawasiliano kwenye njia iliyofichwa ili kukwepa zuio), na kijana mmoja akishaiweka, kesho yake wameiweka wote. VPN hizo huongeza hata matumizi ya data kidogo, kwa hiyo ulichokataza sasa kinakugharimu zaidi.

Upande wa kubeti uzuiaji ulifanya kazi kidogo, kwa kuwa kampuni ni chache na majina yao yanajulikana. Hata hivyo kubeti kwa menyu ya simu, bila intaneti yoyote, hakukuguswa.

Matokeo yaliyowashangaza wanakamati ni kwamba kituo kilibaki kitupu. Walioondolewa waliondoka, na wale ambao andiko liliwataja hawakuja kujaza nafasi. Kwa wiki kadhaa mhudumu alikaa na kompyuta 12 zilizowaka, bando likiwa na GB za kutosha, na mtu mmoja au wawili tu wanaoandika barua. Mtendaji wa kata aliona kituo kimetulia. Mfadhili aliona kimekufa.

Kupima kwanza

Kabla ya hatua nyingine, fundi wa kujitolea kutoka mjini aliomba jambo moja tu: wiki mbili za kuandika. Zuio liliondolewa kwa muda. Mlangoni kukawa na daftari lenye safu tatu (umekuja kufanya nini, umefanya nini, umeshindwa wapi), na kwenye MikroTik kila kompyuta ikapewa foleni yake (mpangilio wa ruta unaofuatilia data ya kifaa kimoja) ili jumla ya data isomeke kwa mashine.

Yalionekana mambo matatu ambayo hakuna mjumbe aliyeyategemea.

La kwanza, sehemu kubwa ya data haikuwa ya mtu yeyote aliyeketi. Windows ilikuwa ikijisasisha kwenye kompyuta zote 12, kila moja ikipakua mafurushi yaleyale kivyake. Simu zilizounganishwa na Wi-Fi zilikuwa zikipandisha picha kwenye hifadhi za mtandaoni na kusasisha programu, kwa kuwa simu ikiona Wi-Fi hudhani ni ya bure.

La pili, video nyingi hazikuwa zikitazamwa. Kijana anafungua wimbo, anashusha dirisha, anaendelea na soga au na barua yake, na tovuti inaendelea kumchezea wimbo mmoja baada ya mwingine. Video ilikuwa inatumika kama redio. Wimbo wa sauti tupu wa kilobiti 128 kwa sekunde hula takriban MB 58 kwa saa. Video ya 720p ya wimbo uleule hula karibu mara ishirini ya hapo.

La tatu lilitoka kwenye safu ya mwisho ya daftari. Watu wengi waliandika kwamba walikuja kwa ajili ya fomu, wakashindwa, wakafungua video. Walioshindwa walishindwa kwa sababu zinazotajika: hawana barua pepe, wamesahau nywila, cheti cha kuzaliwa hakijahakikiwa RITA (wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo), mfumo umeikataa skani yao, au hawakuelewa Kiingereza cha ukurasa. Hapo ndipo kisa kinapogeuka. Kwa wengi wao burudani ilikuja baada ya kazi kukwama.

Uamuzi wa pili

*Data.* Windows iliwekwa kwenye mpangilio wa muunganisho wenye kipimo (metered), unaoizuia kujipakulia mafurushi makubwa, na masasisho yakaachiwa Jumapili, kompyuta mbili mbili. Wi-Fi ya wazi ilifungwa. Badala yake MikroTik iliwekwa kwenye mfumo wa hotspot (Wi-Fi ya kuingia kwa namba) wenye vocha: vocha moja, mtu mmoja, saa moja, MB 150, kasi isiyozidi kilobiti 600 kwa sekunde. MB 150 haikuokotwa hewani. Kompyuta 12 kwa saa nne ni vocha 48 kwa siku. Mara MB 150 ni GB 7.2, mara siku 26 za kazi ni GB 187. Zinabaki GB 13 za mhudumu kupandishia mafaili na kusasishia mashine. Kwa kilobiti 600 fomu ya serikali hufunguka bila taabu, na video hujishusha yenyewe hadi ubora wa chini. Anayetaka kutazama anatazama. Ila vocha yake inakwisha kwa dakika 35 hivi, naye anajua ameitumiaje.

Kosa moja lilijitokeza mapema. Fundi alijaribu kuhesabu kwa anwani ya MAC ya kifaa (namba inayokitambulisha kwenye mtandao), lakini simu za sasa hubadilisha anwani hiyo zenyewe, kwa hiyo mtu aliyezima na kuwasha mpangilio huo alipewa MB 150 mpya. Hesabu ikahamishiwa kwenye namba ya vocha.

*Redio.* Ilinunuliwa redio ya kawaida ya FM, ikawekwa juu ya kabati la printa. Nyimbo ziliendelea, data ikabaki. Kwa gharama dhidi ya faida, hakuna kifaa kingine kituoni kilichoifikia.

*Kazi zenye mfuatano wa hatua.* Mhudumu aliacha kukaa mlangoni akaanza kukaa na watu. Kwa kila huduma inayoulizwa sana aliandika karatasi moja ya Kiswahili, ikabandikwa ukutani. Ya mkopo wa HESLB (Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu) ndiyo ndefu zaidi, na inafaa kuelezwa kwa sababu makosa yake ni yaleyale nchi nzima.

Mwombaji aje kwanza na namba yake ya mtihani wa kidato cha nne, namba ya simu iliyo hewani, na barua pepe yake mwenyewe. Hapa ndipo steshenari huharibu. Mwenye duka akiona mteja hana barua pepe, humsajili kwa ya kwake au kwa anayoitunga papo hapo, na nywila inabaki kwenye daftari la duka. Mwaka unaofuata mwanafunzi anataka kurekebisha taarifa au kukata rufaa, ujumbe wa kubadili nywila unaenda kwa mtu asiyemjua. Kituoni barua pepe hufunguliwa na mwombaji kwa mkono wake, kwa namba yake ya simu, na nywila anaiandika nyuma ya daftari lake la shule.

Cheti cha kuzaliwa kipelekwe kuhakikiwa RITA kabla ya kuanza fomu, kwa maana uhakiki hauji siku hiyohiyo. Baada ya hapo kontroo namba, malipo kwa simu, kujaza, kuchapa kurasa za saini, kuzipeleka kwa serikali ya kijiji, kwa mdhamini na kwa wakili au hakimu, kisha kurudi kuskani. Skana ilikuja ikiwa imewekwa dpi 600 (kipimo cha ukali wa picha) kwa rangi, na ukurasa mmoja ukawa mzito kiasi cha kukataliwa na mfumo. Mpangilio ukabadilishwa kuwa dpi 150, rangi ya kijivu, PDF. Muhuri bado unasomeka. Kabla ya kupandisha, kila ukurasa hufunguliwa na kutazamwa: saini iliyokatwa pembeni ni sababu ya kurudishiwa fomu ambayo watu huigundua wiki kadhaa baadaye.

Karatasi fupi zaidi zilifuata kwa ajili ya Ajira Portal (mfumo wa kuomba kazi za serikali), usajili wa jina la biashara BRELA na kupakua mitihani ya nyuma ya NECTA. Jumanne na Alhamisi zikawa siku za fomu, na kompyuta nane kati ya 12 hutengwa kwa ajili hiyo.

*Seva ya ndani.* Ili wanafunzi wasome bila kugusa bando, fundi alileta Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya bei nafuu) yenye Kiwix na Kolibri, programu za kusomea Wikipedia na masomo bila intaneti. Wikipedia ya Kiingereza yenye picha ni kama GB 100, kwa hiyo haikupakuliwa kituoni. Ingekula nusu ya bando. Ililetwa kwenye diski ya nje kutoka mjini, pamoja na Wikipedia ya Kiswahili ambayo ni faili dogo, na mitihani ya nyuma.

*Mpira.* Kulikuwa na wazo la kuonyesha mechi kwenye skrini moja Jumamosi, kwa kuwa skrini moja hula data ya mtu mmoja. Lilifia kwenye kamati. Kuonyesha mechi hadharani kunahitaji leseni na usajili wa kibiashara, na mwenye kibanda umiza wa kijiji tayari analipia vyake. Aliachiwa kazi yake.

Matokeo

Bando lilianza kufika mwisho wa mwezi, na halijaisha mapema tena isipokuwa mwezi mmoja wa dirisha la mikopo. Siku za fomu foleni ilitoka nje ya mlango. Waliokuja kujaza hawakuwa watu wapya: wengi walikuwa walewale vijana wa nyimbo, ambao kwa miezi ile miwili walikuwa wamezoea kipanya na kibodi bila mtu kuwafundisha.

Seva ilianguka mara mbili. Umeme ulipokatika ghafla kadi ya SD iliharibika na mfumo ukakataa kuwaka. Mara ya pili fundi aliachana na Raspberry Pi, akaweka Kolibri na Kiwix kwenye kompyuta mpakato kuukuu. Skrini yake ina ufa, lakini betri yake hushikilia zaidi ya saa moja, na hiyo inatosha mhudumu kuizima vizuri.

Hata ilipokuwa hai, seva ilikaa bila watu. Wanafunzi waliifungua, wakatazama, wakafunga. Ilianza kutumika mwalimu wa hisabati alipotumia upande wa mwalimu wa Kolibri: akaunda darasa la kidato cha pili, akapanga mazoezi ya aljebra kila wiki, wanafunzi wawili kwa kompyuta, na alama zikaingia kwenye tathmini endelevu. Kwa muhula mmoja chumba kilijaa Jumatano. Mwalimu akahamishwa, Jumatano ikarudi kuwa tupu ndani ya wiki tatu. Kwenye matokeo ya mtihani wa taifa hakuna tofauti inayoweza kuhusishwa na kituo kwa haki.

Wakulima hawakuja. Hali ya hewa wanaisikia redioni, bei wanapigiwa simu na dalali. Andiko liliwapa huduma waliyokuwa nayo.

Uchambuzi

Maelezo yanayopendwa ni kwamba jamii yetu inapenda starehe. Kisa hiki hakiyaungi mkono, wala cha kwetu si cha pekee. Romania iligawa vocha za euro 200 kwa familia maskini zinunue kompyuta. Utafiti wa Malamud na Pop-Eleches uliochapishwa 2011 ulikuta watoto waliopata kompyuta wana ujuzi zaidi wa kompyuta lakini alama za chini shuleni, na mashine zikitumika zaidi kwa michezo. Peru iligawa kompyuta ndogo kwa wanafunzi kwa wingi, na tathmini ya Benki ya Maendeleo baina ya Nchi za Amerika (IDB) haikuona mabadiliko katika hisabati wala lugha. Watu wa nchi zile si Wabongo, na hawakusikiliza singeli.

Kinachofanana ni kwamba burudani hufika ikiwa tayari. Ipo kwa Kiswahili, haiombi nywila, ikiisha inajianzisha tena, na kuna watu wanaolipwa mshahara kuhakikisha hivyo. Fomu ya mkopo iko kwa Kiingereza, inadai vyeti kadhaa, na ikikwama haisemi kwa nini. Mwanafunzi wa sekondari anayetafuta maelezo ya aljebra kwa Kiswahili atapata machache. Akitafuta wimbo atapata elfu. Ukiweka vitu hivyo viwili kwenye skrini moja na kuondoka, umeshaamua kipi kitashinda. Uamuzi huo ulifanywa na andiko la mradi, si na kijana aliyeketi.

Ndiyo maana kuzuia kulishindwa hata pale kulipofanikiwa kiufundi. Kulipunguza matumizi bila kuongeza kazi. Kikomo cha MB 150 kilifaulu kwa sababu hakikuuliza mtu anatazama nini. Kiliweka bei, na mtu akachagua. Wasimamizi wengi wa vituo hupenda orodha ya tovuti zilizofungwa kwa kuwa inaonekana kwenye ripoti. Mgao kwa mtu hauonekani, lakini ndio unaolinda bando.

Kosa kubwa zaidi la usanifu lilikuwa kununua vifaa bila kununua muda wa mtu. Kila kilichofanya kazi (karatasi za hatua, siku za fomu, Jumatano za hisabati) kilisimama juu ya mtu aliyekaa pembeni ya mtumiaji, na kila kilichoachwa kijiendeshe kiligeuka video au vumbi. Kuhamishwa kwa mwalimu mmoja kulitosha kuua kipindi cha Kolibri kwa kuwa akaunti ya darasa, mpango wa mazoezi na desturi ya kuhesabu alama vyote vilikuwa vya kwake. Ingetakiwa walimu wawili tangu mwanzo, na mkuu wa shule aiweke Jumatano kwenye ratiba rasmi.

Kupima kulichelewa miezi minne. Daftari na foleni za MikroTik vingeweza kuwekwa tangu siku ya kwanza karibu bila gharama. Vingetumika mapema, kamati ingeona kwamba sehemu ya lawama ni ya Windows.

Linalosubiri jibu sasa ni posho ya mhudumu, ambayo mfadhili anaikomesha mwisho wa mwaka. Kamati imeanza kutoza Sh 1,000 kwa kila fomu inayoskaniwa na kupandishwa. Fedha hiyo hulipia karatasi na wino kwa mwaka mzima, na posho kwa miezi ya dirisha la mikopo tu. Halmashauri imeombwa kumwajiri kwa mkataba. Ikikataa, mjumbe wa vikoba amependekeza Jumatatu na Jumamosi vijana wakodishiwe kompyuta kwa ajili ya michezo na filamu zilizo kwenye diski, ili mapato hayo yalipie siku za fomu. Mtendaji wa kata bado anapinga.